Glavu iliyoanza na gitaa



Kwenye bloku yetu kuna babu mmoja, fundi cherehani tangu kabla hatujakimbia. Kiharusi kilimpiga, mkono wa kulia ukalala. Kila asubuhi tunamkuta ameuweka pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Tukajiuliza: huko kwenye mashine wanafanyaje? Tukaanza kusoma.

Kumbe hadithi yenyewe haikuanzia hospitali. Miaka ya 1980 Mmarekani Thomas Zimmerman alitaka kupiga gitaa ambalo halipo: achezeshe vidole hewani, kompyuta itoe muziki. Akatengeneza glavu yenye vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyotambua kidole kikikunjwa. Yeye na Jaron Lanier wakaileta sokoni kupitia kampuni ya VPL Research kwa jina la DataGlove. Ndani yake zilipita nyuzi za mwanga. Ukikunja kidole mwanga unapungua, kompyuta inajua. Mwaka 1989 ikaja ya bei rahisi, Power Glove, ya kuchezea michezo ya Nintendo.

Sasa mgonjwa anaingiaje hapa? Kiharusi kinaumiza ubongo. Mkono wenyewe haujavunjika. Ubongo unaweza kujifunza njia nyingine ya kuuamuru, ila kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi mno. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha matokeo ya kuangalia vipindi 312 vya mazoezi. Pale mkono ulipofanyishwa kazi, wastani ulikuwa marudio 32 tu kwa kipindi. Wanyama wa maabara walikuwa wakirudia mamia kwa siku. 32! Mama akichambua maharage ya mlo mmoja tu anapita hapo.

Ndipo glavu ikapata kazi mpya. Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakatengeneza MusicGlove, yenye vihisi vya mguso. Wimbo unapigwa, noti zinashuka kwenye skrini, na mgonjwa anagusisha dole gumba na kidole kinachotakiwa. Anacheza, huku mashine inahesabu. Jaribio lililochapishwa 2014 lilikuwa na watu 12 tu, lakini uwezo wao wa kushika vitu vidogo uliongezeka kuliko baada ya mazoezi ya kawaida. Glavu ikarudi kwenye muziki ilikoanzia.

Lakini tusidanganyane kwamba mashine hushinda daima. Mwaka 2006 ilitoka Nintendo Wii, yenye rimoti inayohisi mwendo wa mkono, na hospitali nyingi zikaichangamkia. Jaribio la EVREST, lililochapishwa 2016, likawagawa wagonjwa 141 wa nchi nne: wengine Wii, wengine karata, bingo na mpira. Baada ya wiki mbili makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na Wii haikuishinda karata.

Tulipofika hapo tulinyamaza kidogo. Tulikuwa tumeanza kusoma tukiamini babu amekosa bahati kwa sababu glavu haiwezi kufika kambini. Karata zipo. Bao lipo, na kila kete inaokotwa kwa vidole.

Kinachokosekana ni kile ambacho kihisi hufanya bila kuchoka: kuhesabu. Hiyo kazi tunaiweza. Juzi tulikaa na babu, mmoja wetu akashika daftari. Alishusha karata 61 kwa mkono wa kulia, nyingine zikaanguka chini, akacheka mwenyewe.

Ndugu wa mashirika, mtaalamu wa mazoezi hafiki hapa kila siku, tunaelewa. Akifika, atuonyeshe kipi babu afanye na kipi kitamuumiza bega. Siku zilizobaki tuachieni sisi. Na wewe kijana, kama nyumbani kuna mzee mwenye mkono uliolala, leo jioni toa karata. Usimchezee zamu yake, hata akichelewa. Hesabu.