Mwasho si Maumivu Madogo

Wahenga walisema: mtu hujikuna ajipatapo. Lakini mwasho wenyewe wengi wetu huufanyia mzaha. Ajikunaye mbele za watu huchekwa, na akiwa mtoto hukemewa. Basi natutazame ilimu imeonyesha nini.

Mwaka 1660 tabibu wa Kijerumani, Samuel Hafenreffer, aliueleza mwasho kuwa ni hisia isiyopendeza, imtiayo mtu hamu ya kujikuna. Maelezo hayo yanatumika mpaka leo. Mwaka 1687 Mtaliana Giovanni Cosimo Bonomo akatoa habari za mdudu wa upele, aliyemtazama kwa hadubini. Sababu moja ikajulikana. Lakini je, habari ya mwasho hufikaje kwenye ubongo?

Kwa muda mrefu matabibu wengi walidhani kuwa mwasho ni maumivu hafifu tu, yapitayo njia ile ile ya maumivu. Lakini ipo dawa ya mofini: huondoa maumivu, na mara nyingine yenyewe huleta mwasho. Lau mwasho ungekuwa maumivu madogo, nao ungeondoka.

Mwaka 1997 Martin Schmelz na wenzake walipata katika ngozi ya binadamu mishipa ya fahamu, myembamba na ya mwendo wa polepole, ipelekayo habari ya mwasho. Huamshwa na histamini, kitu ambacho mwili hukitoa, kwa mfano, mtu aumwapo na mbu. Na mwaka 2007, huko Marekani, Yan-Gang Sun na Zhou-Feng Chen walionyesha kuwa panya waliokosa kipokezi kimoja cha uti wa mgongo walijikuna kidogo kuliko wenzao, ilhali maumivu waliyasikia kama kawaida.

Kujikuna nako kuna siri yake. Kucha huleta maumivu kidogo, nayo huuzima mwasho kwa muda. Lakini ngozi ikichubuka, mwasho hurudi na kuzidi. Ndiyo maana kumwambia mtu “acha kujikuna” hakumponyi.

Na sheria yetu haikuidharau dhiki hii. Hariri ni haramu kwa wanaume, lakini Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdulrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam kuivaa kwa sababu ya mwasho, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Mwasho ukahesabiwa kuwa ni udhuru.

Basi, ewe mzazi, mtoto ajikunaye usiku kucha usimpige wala usimwaibishe. Mpeleke kwa tabibu. Na ikiwa ni upele, nyumba nzima itibiwe pamoja. Aliyepewa udhuru na sheria, sisi ni nani hata tumcheke?