Nani Alimchagulia Mtoto Njia? Habari za Shule Zetu za Kivu

Kila mwaka mwezi wa Julai ukifika, nyumba nyingi za Karuba, Mushaki na Matanda huingiwa na swali lile lile. Mtoto amemaliza mwaka wa nane. Buleteni iko mezani. Mwezi wa Septemba ataanza mwaka wa kwanza wa Humanite, maana yake mwaka wa tisa tangu alipoingia shuleni. Je, ataingia seksio gani? Atasoma wapi? Atakaa kwa nani? Na minervali italipwa na nani? Mara nyingi maswali haya hujibiwa haraka haraka, katika juma la mwisho, watu wakiwa wamesimama mbele ya meza ya prefe.

Leo tutazame nyuma kidogo. Swali hili lina historia yake katika nchi yetu. Tukiifuata tutaona jambo moja ambalo wengi wamelisahau: zamani wazazi hawakuulizwa kabisa. Ruhusa ya kuulizwa ilikuja pole pole, kwa miaka mingi.

Shule za kwanza

Tarehe 26 Mei 1906 Serikali ya Mfalme Leopold II ilifanya mapatano na Roma. Misheni za Kikatoliki zitapewa mashamba, nazo zitafungua shule kwa ajili ya watoto wa nchi. Katika sehemu zetu za mashariki kazi hiyo ilishikwa na Mapadre Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, ambao shirika lao lilianzishwa mwaka 1868. Walianza kando ya Ziwa Tanganyika, wakapanda mpaka Kivu, na Kiswahili walichokitumia kule wakaja nacho huku. Shule zao zilifundisha dini, kusoma, kuandika, kuhesabu na kazi za mikono.

Basi, mtoto aliyetaka kwenda mbele zaidi alikwenda wapi? Katika miaka ile ya mwanzo shule ya juu ilikuwa karibu moja tu, nayo ni seminari. Padre Stefano Kaoze alipita njia hiyo. Alisoma Mpala, halafu Baudouinville, mji ambao siku hizi unaitwa Moba. Akajifunza Kifaransa na Kilatini, na tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadre, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi. Masomo yake yalichukua zaidi ya miaka kumi na mitano. Anayemchagua kijana wa namna hiyo alikuwa padre, akisaidiwa na katekista. Wazazi kazi yao ilikuwa kukubali au kukataa.

Mtoto wa miaka minane anapimwa

Serikali ya Wabelgiji ilitoa programu za shule mwaka 1929, na tena mwaka 1948. Hii ya mwaka 1948 tuiangalie vizuri, kwa kuwa babu zetu wengi walipita chini yake, na wengine hawakujua limewapata jambo gani.

Watoto wote walisoma pamoja miaka miwili. Kisha wakagawanywa. Wengi walipelekwa daraja la pili la kawaida, miaka mitatu, ambako walifundishwa mambo ya kuwasaidia kuishi kijijini: kulima, kazi za mikono, hesabu kidogo. Wachache walipelekwa daraja la pili la waliochaguliwa, miaka minne, wakifundishwa Kifaransa kwa nguvu ili waweze kuingia sekondari.

Tafakarini jambo hili. Mtoto alikuwa na miaka minane au tisa, labda zaidi kidogo kama alichelewa kuandikishwa. Siku hiyo njia yake ya maisha iligawanyika, na aliyewekwa upande wa kawaida alikuwa na nafasi ndogo sana ya kurudi upande wa pili. Tusiwahukumu walimu wa siku zile kwa ukali, maana walimu wenyewe walikuwa wachache na shule za juu zilikuwa chache zaidi. Lakini ukweli ni kwamba baba na mama hawakuketi pamoja na mwalimu kushauriana. Waliona tu mtoto wa jirani anafundishwa Kifaransa na wa kwao anapewa jembe.

Wasichana hali yao ilikuwa ngumu zaidi. Programu ya mwaka 1948 haikuwawekea darasa la waliochaguliwa. Walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba, mambo mema yote, lakini hayakufungua mlango wa sekondari ya masomo.

Hata hivyo mwaka ule ulileta pia jambo jipya: sekondari kamili ya miaka sita kwa ajili ya Wakongo. Katika Kivu hatua zilikuwa za pole pole. Bukavu Mapadre Wajesuiti walikuwa wamefungua koleji tangu mwaka 1938, lakini kwanza ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifungua milango karibu na Léopoldville. Mwaka 1956 Thomas Kanza alimaliza chuo kikuu Louvain, Ubelgiji, Mkongo wa kwanza kufika hapo kama mlei.

Ndipo uhuru ukaja, tarehe 30 Juni 1960. Watoto zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa katika shule za chini. Waliomaliza chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika thelathini. Shule ilikuwa kama nyumba kubwa yenye watu tele, na mlango wa kutokea kwenda mbele ulikuwa mwembamba kama tundu la panya.

Dada yake Thomas, Sophie Kanza, alimaliza Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kufanya hivyo, na mwaka 1966 akawa waziri. Wazazi wenye mabinti wakumbuke habari hii. Kaka na dada walitoka nyumba moja, na nyumba hiyo haikusema kwamba masomo ni ya mvulana peke yake.

Uchaguzi unasogezwa mbele

Mwaka 1961 programu ilibadilishwa. Miaka miwili ya kwanza ya sekondari ikawa ya kuangalia na kuongoza, ile ambayo mpaka leo watu wetu wanaiita «C.O.». Mtoto hakugawanywa tena akiwa mdogo vile. Alisoma miaka sita ya chini, kisha miwili ya C.O., ndipo akachaguliwa seksio. Mwaka 1967 ukaja Mtihani wa Serikali, Egzeta, maswali yale yale kwa nchi nzima. Tangu hapo kijana wa Masisi au wa Walikale anapimwa kwa kipimo kile kile cha kijana wa Kinshasa.

Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule za makanisa, lakini mambo yakaharibika upesi, na kwa mapatano ya mwezi wa Februari 1977 zikarudishwa mikononi mwa makanisa chini ya sheria za Serikali. Baadaye sheria ya Februari 2014 iliunganisha miaka miwili ya C.O. na shule ya msingi, ikawa elimu ya msingi ya miaka minane. Humanite ni miaka minne baada yake. Mwisho wa mwaka wa nane upo mtihani wa kumwongoza mtoto njia, TENASOSP.

Sasa pigeni hesabu. Mwaka 1948 mtoto aligawanywa baada ya miaka miwili ya shule. Leo anachagua baada ya miaka minane. Tumepewa miaka sita zaidi ya kumwangalia mtoto wetu: anapenda nini, anashindwa wapi, mikono yake ina ujuzi gani. Mabadiliko haya hayana faida yo yote ikiwa miaka hiyo inapita kimya, na baba anauliza mara ya kwanza katika juma la kuandikisha.

Pengine mtu atasema: «Huku kwetu kuchagua ni maneno tu. Shule ya karibu ina seksio moja au mbili.» Anasema kweli. Seksio ya ualimu haidai karakana wala maabara, kwa hiyo vijijini ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Lakini hata hapo kuna la kushauriana. Diploma ya ualimu humwezesha kijana kufundisha shule ya msingi mara moja. Anayetaka uganga au kilimo cha juu, sayansi itamfaa zaidi. Biashara inamwandaa kushika hesabu. Kilimo na mifugo ni elimu ya maana katika nchi ya ng'ombe, jibini, viazi na maharagwe kama hii yetu ya Masisi. Ikibidi mtoto aende Sake au Goma kwa ajili ya seksio fulani, wazazi wajue mapema, wala wasisukumwe na jina zuri la seksio tu.

Mzigo wa wazazi

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Serikali ilishindwa kuwalipa walimu ipasavyo, na wazazi ndio walioshika mzigo wa kuwategemeza. Bila wao shule nyingi za Kivu zingefungwa. Mwaka 2019, mwezi wa Septemba, shule ya msingi ya Serikali na ya makanisa ilitangazwa kuwa bure. Sekondari haikuingia katika neema hiyo. Kwa hiyo mzazi aliyepumzika miaka sita hushtuka mtoto akifika mwaka wa saba, na hushtuka tena akifika wa tisa.

Mkulima wa Karuba ana shida nyingine. Septemba ni mwezi wa kufungua shule, na pia ni mwezi wa kupanda. Mbegu na minervali zinaomba fedha siku moja. Anayengoja Septemba ameshachelewa. Fedha ya shule itengwe katika mavuno ya Juni na Julai, kabla gunia la mwisho halijauzwa, au iwekwe katika likilimba tangu mtoto yu mwaka wa saba. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena kuna fedha inayowavuta watoto wenyewe. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda ghafula, vijana wengi wa Masisi waliacha vitabu wakaenda kuchimba. Baadaye Bisie, huko Walikale, iliwavuta wengine kwa kasiteriti. Bei ilishuka, na darasa likawa limekwisha kuwapita. Kijana anayejua sababu ya kusoma kwake havutwi upesi.

Vita na karatasi

Hatuwezi kuandika habari za shule za Masisi tukanyamaza juu ya vita. Fujo za miaka ya 1963 mpaka 1965, vita vya mwaka 1993, vya mwaka 1996, na vile vilivyofika Mushaki na Karuba mapema mwaka 2023: kila mara madarasa yalivunjika na watu wakakimbia, wengi wakielekea Goma. Mtoto aliyekimbia bila buleteni wala cheti hupata taabu kuthibitisha mwaka wake. Kwa hiyo karatasi za shule zifungwe katika mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo, na nakala iachwe kwa ndugu aliye mbali.

Yatupasayo

Enyi wazazi, mtoto akiingia mwaka wa saba anzeni kuzungumza naye. Nendeni kwa mwalimu angalau mara moja kila sehemu ya mwaka, msingoje kuitwa kwa kosa. Hata kama hamjui Kifaransa, mwambieni mtoto asome kwa sauti jioni, kisha awaeleze kwa Kiswahili, Kihunde au Kinyarwanda aliyoyasoma. Asipoweza kueleza, hajaelewa, na ni heri mjue sasa kuliko siku ya mtihani.

Akiwa ataenda kukaa kwa ndugu mjini, pataneni kabla: chakula nani ataleta, kazi za nyumbani ni kiasi gani, saa za kusoma ni zipi. Kwa binti, patano hilo liwe wazi zaidi, na nyumbani wavulana nao wachote maji, ili dada yao apate saa yake ya kitabu.

Mwaka 1948 baba wa Karuba hakuulizwa mtoto wake aende njia gani. Leo anaulizwa, na mama naye anaulizwa. Wakae chini na mtoto, watafute jibu pamoja kabla ya Septemba.