Egesho la Majaribio

Mwaka 2003, katika visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, kilianzishwa Kituo cha Ulaya cha Nishati ya Bahari, ambacho wengi hukitaja kwa ufupisho wake, EMEC. Sisi tunaoandika sayansi kwa Kiswahili tumezoea kukiita "kituo cha majaribio ya nishati ya mawimbi", tukaendelea na habari. Mimi jina hilo limeacha kunitosheleza.

Kisarufi halina kosa. Tatizo ni picha linayoileta. Kituo, kwa msomaji wetu, kina lango na kibao cha jina: kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha kufua umeme. Nilipoandika makala yangu ya kwanza juu ya Orkney, msomaji mmoja makini aliniuliza kituo kile kinalisha umeme nyumba ngapi. Swali lilikuwa la haki, na aliyempoteza ni mimi kwa neno langu. Pale watengenezaji huleta mtambo wao, wakauacha upigwe na bahari, wakaupima, kisha wakauondoa. Umeme unaopatikana huingia gridi, ndiyo, lakini kilichowaleta ni kutaka kujua kama mtambo unahimili, na kwa wimbi la kimo gani unatoa nguvu kiasi gani.

Hebu tupatazame mahali penyewe. Billia Croo ni pwani iliyo karibu na mji wa Stromness, inayotazama Atlantiki bila kizuizi. Nchi kavu utaona jengo dogo la vifaa vya umeme. Kilichobaki kiko majini: nyaya za volti 11,000 zimelazwa sakafuni mwa bahari, zikatoka hadi kama kilomita 2 kutoka ufukweni, mahali ambapo kina hufika mita 70. Kuna nafasi tano, kila moja na waya wake. Mwenye mtambo anauvuta kwa meli hadi kwenye nafasi yake, anaufunga kwa nanga na minyororo, anauunga na waya, na kuanzia hapo nguvu ya umeme na mwendo wa mtambo vinasomwa nchi kavu. Nafasi hiyo moja, yenye waya na nanga, Kiingereza huiita berth, neno lile lile la meli bandarini.

Kiswahili cha pwani kina lake, nalo halihitaji kuazimwa popote. Kabla maegesho hayajawa mambo ya magari mjini, kuegesha ilikuwa kazi ya nahodha: kukisogeza chombo taratibu hadi kikae mahali pake kifungwe. Basi nafasi ile ni egesho, na kwa ukamilifu, egesho la majaribio. Nililipima pia neno gati. Lakini gati hujengwa, watu hutembea juu yake na mizigo hupita. Pale Billia Croo hakuna pa kukanyaga. Bandari nayo ni kubwa mno, tena bandari hutafuta maji yaliyotulia, na huku yanatafutwa yaliyochafuka.

Mtambo hauanzii hapo, hata hivyo. Huanzia bwawani, na bwawa la mawimbi linastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ndipo akili nyingi ilipowekwa. Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikofanya kazi Stephen Salter, aliyeushtua ulimwengu wa wahandisi mwaka 1974 kwa makala yake katika jarida la Nature, kina bwawa liitwalo FloWave, lililofunguliwa mwaka 2014. Ni la duara, kipenyo mita 25, kina mita 2, na maji yake ni lita milioni 2.4. Ukingoni limezungukwa na vibao 168 vyenye bawaba. Kila kibao husukuma maji kwa amri ya kompyuta. Na wimbi likivuka bwawa na kufika upande wa pili, kibao cha huko huhisi uzito wake na kurudi nyuma kulimeza. Bila hivyo maji yangegonga ukuta na kurejea, kama yanavyofanya kwenye beseni ukilitikisa, na kipimo kingeharibika.

Modeli inayoelea humo hufuata kanuni iliyoachwa na William Froude, Mwingereza aliyepima modeli za meli katika miaka ya 1870. Chukua skeli ya 1 kwa 20. Wimbi la mita 4 linakuwa la sentimita 20, yaani shibiri hivi. Wimbi linalopita kila sekunde 10 sasa linapita kila sekunde 2 na kidogo, kwa kuwa muda hupungua kwa kipeuo cha pili cha skeli. Nguvu ndiyo inayoporomoka: hugawanywa kwa zaidi ya 35,000. Mtambo wa kilowati 750, bwawani unatoa wati 21 tu. Kwa kiasi kidogo hivyo, msuguano wa bawaba moja unaweza kuula umeme wote, ndiyo maana hakuna hesabu ya bwawani inayoweza kuchukua nafasi ya bahari.

Kilowati 750 sikuzitoa hewani. Ndizo zilizokuwa za Pelamis, mtambo wa urefu wa mita 120 uliofanana na mabomba mekundu yaliyounganishwa kwa viungo, uliopewa jina la nyoka wa baharini ambaye hata Bahari ya Hindi anaishi. Mwaka 2004 uliegeshwa Billia Croo, ukawa wa kwanza duniani kupeleka umeme wa mawimbi ya bahari kuu kwenye gridi ya taifa. Miaka 10 baadaye kampuni yake ilifilisika. Mtambo ukaondoka, egesho likabaki na waya wake. Hapo ndipo nilipoona kwamba istilahi lazima itaje mahali. Anayeandika "mtambo wa majaribio" anataja kitu kinachokuja na kwenda.

Neno linasafiri vizuri. Hawaii kuna maegesho matatu, kwenye kina cha mita 30, 60 na 80. Na EMEC yenyewe ina maegesho mengine karibu na kisiwa cha Eday, ila yale ni ya mkondo wa maji kujaa na kupwa, na tusiyachanganye: wimbi huzaliwa na upepo, kujaa na kupwa huletwa na mwezi na jua. Mvuvi yeyote wa kwetu anaijua tofauti hiyo, na mara nyingi magazeti huivuruga.

Limebaki tendo la kuupeleka mtambo majini kwa mara ya kwanza. Nimeona limeandikwa "kusakinisha", kana kwamba ni programu ya simu. Mafundi wetu wakimaliza kukalafati chombo, hukishua. Mtambo nao ushuliwe, kisha uegeshwe.