Nchi Ambayo Haikuzaliwa

Jumapili jioni hapa Biryogo, chai ya maziwa ikishafika mezani, wazee wetu wa Burundi huanza mchezo wao wa "ingekuwa". Wa kwanza ni mzee mmoja mzaliwa wa Buyenzi: "Rwagasore angeishi, mimi saa hizi ningekuwa nyumbani." Mwenzake humjibu: "Na Ruanda-Urundi ingebaki nchi moja, ungekuwa nyumbani hapo hapo ulipokaa."

Sisi vijana tulikuwa tunacheka tu. Lakini hilo jibu la pili halikutoka kichwani mwangu, basi nikaona niliandike.

Ruanda-Urundi ilikuwepo kweli. Baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walikabidhiwa falme zote mbili, wakazitawala pamoja, na kuanzia 1946 walizishika kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Makao ya utawala yalikuwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Uhuru ulipokaribia, Umoja wa Mataifa ulipenda nchi hiyo itoke ikiwa moja. Aprili 1962 wajumbe wa pande zote mbili walikutana Addis Ababa. Haikuwezekana. Rwanda ilikuwa imeshatangaza jamhuri huko Gitarama, Januari 1961, na Burundi bado ina mfalme wake. Tena Wanyarwanda wengi waliokimbia fujo zilizoanza 1959 walikuwa wameshaingia Burundi. Wandugu, tusisahau hilo: mpaka huu umevukwa na wakimbizi kwa pande zote mbili. Wajumbe walikubaliana kushirikiana mambo ya uchumi tu, na tarehe 1 Julai 1962 zikazaliwa nchi mbili. Kufika 1964 hata ile faranga ya pamoja ilikuwa imekwisha.

Sasa Rwagasore mwenyewe. Louis Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, lakini siasa yake hakuifanyia ikulu. Alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, alifahamiana na Nyerere, na Waswahili wa Usumbura walikuwa kati ya watu wake wa mwanzo. Ndiyo maana yule mzee wa Buyenzi humtaja kama vile anamtaja kaka yake. Septemba 18, 1961, chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Oktoba 13, hata mwezi haujatimia, akapigwa risasi mezani kwenye hoteli huko Usumbura. Alikuwa na miaka 29. Aliyempiga ni Mgiriki, Jean Kageorgis, na viongozi wa chama pinzani cha PDC walihukumiwa kwa kupanga mauaji hayo.

Baada ya hapo nchi haikutulia. Waziri mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa Januari 15, 1965. Mei mwaka huohuo watu walipiga kura, na wagombea Wahutu wakapata viti 23 kati ya 33. Mwami akamteua mtu wake wa karibu, Léopold Biha, kuwa waziri mkuu. Oktoba pakawa na jaribio la mapinduzi, Mwami akaondoka nchini, na viongozi wengi wa Kihutu wakauawa. Novemba 1966 Kapteni Micombero akaufuta ufalme. Kisha 1972. Kisha 1993, Rais Ndadaye alipouawa miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Kisha 2015, mwaka ambao kambi ya Mahama ilifunguliwa, na wengi wetu tunaukumbuka bila kusoma popote.

Je, risasi moja inaweza kula miaka yote hiyo? Hapo ndipo ninapoachana na wazee wangu, kwa heshima zote. Risasi ile ilitunyang'anya mtu. Lakini Mei 1965 Rwagasore alikuwa ameshazikwa, na bado nafasi ilikuwepo: kura zilipigwa, zikahesabiwa, halafu kuna aliyeamua zisihesabike. Tukisema kila kitu kiliharibika Oktoba 13, 1961, tunawasamehe wote waliokuja nyuma. Tena tunajisahau sisi. Mazungumzo ya Arusha yalianza na Nyerere, yakamalizwa na Mandela, na mkataba ukasainiwa Agosti 2000. Waliosaini hawakuwa na Rwagasore mezani. Walikuwa watu waliochoka, wanaochukiana, na bado walikaa.

Na ile nchi moja? Sidhani ingetuokoa. Pengine ingebeba moto wa nyumba mbili chini ya paa moja. Ila kitu kimoja kingebadilika, na hili nawaambia pia ninyi wa mashirika mnaotuandika kwenye fomu. Kwa Mkataba wa 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake. Ningekimbia barabara ileile, kwa hofu ileile, na mtoto yuleyule mgongoni, nisingeitwa mkimbizi. Ningekuwa mtu aliyehama mkoa. Pengine nisingepata shitingi wala posho. Pengine pia nisingehitaji karatasi ya kuonyesha mimi ni nani. Jina hili tunalolibeba lilikatwa kwenye mkutano wa Addis Ababa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Jumapili iliyopita nilimsomea mzee wa Buyenzi maneno haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake yote. "Mwanangu," akasema, "umesema vizuri. Lakini usininyang'anye 'ingekuwa' yangu. Nimetoka na vitu vichache."

Sikumjibu. Nilimwongezea chai. Ila watoto waliozaliwa Mahama wameshafika umri wa kuuliza, na wao tuwape tarehe zote, na majina yote, siyo ile moja peke yake.