Bidoni la Njano na Mafuta ya Ngozi

Mawese ya Beni, mashariki ya Kongo, husafiri ndani ya bidoni la njano la lita 20. Hutoka Mangina, Mbau na Oicha, kwenye joto linalopendwa na mchikichi, yakapanda kwa lori au pikipiki hadi Butembo, mji wa vilima ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sokoni huko, anayetaka mafuta kidogo huja na chupa yake. Sehemu ya mafuta hayo huingia chunguni, sehemu huwa sabuni, nyingine hupakwa mwilini na kichwani.

Kampuni za vipodozi za Ulaya zimefika kwenye kujaza chupa upya kwa njia nyingine. Anita Roddick alipofungua duka la kwanza la The Body Shop mjini Brighton, Uingereza, Machi 1976, alijaza upya chupa za wateja kwa sababu hakuwa na chupa za kutosha. Mwaka 1992 Thierry Mugler alitoa manukato ya Angel, ambayo chupa yake yenye umbo la nyota inaweza kujazwa tena dukani. Kwa Roddick uhaba ulikuwa wa muda. Butembo na Beni uhaba wa chombo umedumu kwa vizazi, na biashara ya mafuta na sabuni imejengwa juu yake.

Kabla ya chupa kulikuwa na kibuyu. Katika nchi za Maziwa Makuu watu walijipaka siagi ya ng'ombe au mafuta ya mbono, na vyombo vilitoka shambani na msituni: vibuyu, vyungu, vyombo vya kuchonga. Wafugaji wa Ankole, mashariki ya Ziwa Edward, walifukiza vyombo vyao vya maziwa kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri, kazi ya ustadi waliyofundishwa wasichana wangali wadogo. Kibuyu na chungu hunywa mafuta. Kikishazoea siagi hakifai tena kwa asali, na mafuta yakichacha ndani yake, harufu haitoki kwa kusuguliwa. Ndiyo maana chupa ya kioo ilipokelewa kwa hamu ilipofika: ilioshwa ikarudi kuwa mpya.

Chupa hiyo ilikuja na ukoloni. Mwaka 1911 mtengenezaji sabuni Mwingereza William Lever alipata kwa Wabelgiji haki ya kuvuna michikichi katika maeneo yaliyoweza kufikia hekta 750,000, mbali upande wa magharibi, na mawese yaliyokusanywa kwa kazi ya shuruti yakawa sabuni ya Ulaya. Butembo yenyewe ilikua tangu miaka ya 1920 kando ya shughuli za kampuni ya dhahabu ya Minière des Grands Lacs, na mishahara ya wachimbaji ikaleta maduka. Lakini mwalimu mkuu wa chupa alikuwa bia. Primus, iliyoanza kutengenezwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1926, na bia zilizoifuata ziliizoesha nchi nzima sheria moja: leta tupu, chukua iliyojaa. Chupa ya bia ya sentilita 72 ikageuka kipimo cha soko. Hadi leo mawese, asali na hata petroli hupimwa kwayo, na muuzaji na mnunuzi hawahitaji mizani.

Kisha uhaba ukazidi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza Zaïrianisation, na maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa raia. Miaka iliyofuata bidhaa za viwandani ziliadimika. Wafanyabiashara Wanande wa eneo hili, ambao mtafiti Vwakyanakazi Mukohya aliandika habari zao kwa kina, walivusha kahawa hadi Uganda wakarudi na bidhaa. Baadaye wakaenda Dubai, kisha Guangzhou, na makontena yao yakapita Mombasa na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Humo ndimo yalimokuja makopo madogo ya losheni, yenye vifuniko vya kung'aa. Kopo likiisha, huanza maisha ya pili: chumvi, viungo, sindano na uzi.

Linaloumiza ni safari ya upande wa pili. Beni ni nchi ya papai na kakao. Utomvu wa papai ulikaushwa, na kampuni ya ENRA ya Beni ikasafirisha papaini, kimeng'enya ambacho pia hutiwa kwenye krimu za kulainisha ngozi. Kakao hupita Uganda kwa magunia, na siagi yake huingia kwenye losheni. Mali huondoka kwa tani, ikarudi kwa gramu, na plastiki isiyo na pa kwenda imeizunguka.

Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko na vifungashio kadhaa vya plastiki, lakini mitaro ya Butembo bado inaziba. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti, Ebola ilitangazwa Mangina. Hadi ilipoisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Katika miezi hiyo ndoo na mabidoni yalifungwa bomba, yakasimamishwa mbele ya maduka, makanisa na shule kwa ajili ya kunawa. Chombo cha mafuta kikawa chombo cha uhai.

Kujaza upya kuna hatari yake, na lazima isemwe wazi. Krimu za kujichubua zenye haidrokinoni au zebaki huchanganywa na kugawanywa katika makopo yasiyo na maelezo, au yenye jina la kitu kingine. Mkataba wa Minamata unakataza vipodozi vilivyotiwa zebaki, lakini ukaguzi wa forodhani hauoni kinachomiminwa chumbani. Mwanamke anayenunua mawese kwa chupa huyanusa na kuyatazama rangi. Krimu nyeupe haimpi nafasi hiyo, na ngozi yake ndiyo inayolipa.

Sabuni ya mche ina faida hapo, kwa kuwa haihitaji chupa wala kopo. Huko Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, kituo cha umeme wa maji cha kilowati 400 kilichojengwa na Hifadhi ya Virunga mwaka 2013 kiliwezesha kiwanda cha SICOVIR kutengeneza sabuni kwa mawese ya wakulima wa jirani. Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yamewafukuza wengi wa wakulima wa Beni kutoka mashambani. Barabara ya Oicha ikifungwa, mabidoni hayapandi Butembo, na wanaopika sabuni nyumbani husubiri pamoja na wenye viwanda.