Hema la nywele za mbuzi, na moto wa Mina

Tangu Iddi ipite nimeulizwa na zaidi ya bi harusi mmoja hema gani linafaa, maana fungate ya ufukweni ndiyo habari ya mjini. Kabla hujatazama rangi, tazama kitambaa. Wa kwanza kukijua ni wanawake wenzetu.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya nyumba za ngozi, nyepesi safarini, na manufaa ya sufi na nywele za wanyama. Mabedui wa Arabuni waliishi ndani ya neema hiyo. Hema lao jeusi, ambalo wenyewe huliita nyumba ya nywele, lilifumwa na wanawake kwa nywele za mbuzi. Walisokota uzi, wakautanda chini, wakafuma mikanda mirefu na kuishona pamoja. Kulisimamisha na kuling'oa ilikuwa kazi yao pia, na pazia la kutenga upande wa wanawake lilipewa nakshi nzuri kuliko zote. Ufumaji huo, Al Sadu, wa Saudi Arabia na Kuwait, uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020.

Utasema, jeusi, juani? Kitambaa hakikubana sana, kwa hiyo hewa ya moto ilipenya ikatoka. Mvua ikinyesha nywele huvimba, matundu yakaziba. Ila lilikuwa zito, mzigo wa ngamia hasa.

Turubai la pamba ni jepesi kuliko hilo, nalo huvimba likilowa. Ubaya wake ni moto. Tarehe 15 Aprili 1997, mahujaji wakiwa Mina kabla ya Arafa, moto ulizuka na upepo ukausukuma kutoka hema hadi hema. Mahema yapatayo 70,000 yaliteketea na watu 343 wakafariki, Allah awarehemu. Baada ya hapo Saudi Arabia ilisimamisha mahema meupe ya kudumu, ya nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, yasiyoshika moto kirahisi. Mama zetu waliohiji karibuni wamelala humo.

Ya dukani sasa ni nailoni na poliesta. Ni mepesi, hukauka upesi, lakini hayapumui: alfajiri utaona matone ukutani udhani mvua, kumbe ni pumzi zenu. Yakipata moto huyeyuka na kudondokea aliyelala. Kwa jua letu poliesta hudumu kuliko nailoni ya kawaida. Bi harusi wa siku mbili, chukua poliesta yenye madirisha ya wavu. Mwenye gari na watoto, turubai la pamba halimtupi.

Na jiko, hata la chai tu, lisiingie hemani. Mimi la kwangu naliweka mbali, upande upepo unakoelekea, ili cheche ziende zake.