Lenzi ya macho ifaayo kwa anga la Turkana

Kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kalokol, jirani na Ghuba ya Ferguson, zimesimama nguzo 19 za mawe ziitwazo Namoratunga. Mwaka 1978 wanaakiolojia Lynch na Robbins walidai kuwa ziliwekwa kwa kufuata nyota maalumu, Kilimia kikiwemo. Dai hilo lilipingwa baadaye na wenzao, lakini Kilimia kingali kipimo kizuri kwa anayechagua lenzi ya macho ya darubini.

Lenzi ya macho ni ile ndogo ambayo mtazamaji huisogezea jicho, nayo huweza kubadilishwa. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi. Kwa kawaida namba zote mbili huandikwa ubavuni kwa milimita. Darubini ya 700 ikitiwa lenzi ya 25 hukuza mara 28. Ya 10, mara 70. Ya 4, mara 175.

Hiyo ya mwisho ndiyo husifiwa kwenye kasha, na ndiyo hupoteza fedha za mnunuzi. Darubini yenye kioo cha mbele cha upana wa milimita 70 haistahimili zaidi ya mara 140 hivi, hata hewa ikiwa tulivu. Nayo hewa ya Turkana ni nadra kutulia: ardhi hutoa joto la mchana na upepo hutikisa bomba, hivyo picha hutetemeka na kufifia.

Kilimia hutanda takriban nyuzi mbili, sawa na miezi mipevu minne iliyopangwa safu. Lenzi ya kawaida ya milimita 25 hukionyesha karibu chote. Ya 10 huonyesha nyota chache tu. Pete za Zohali, kinyume chake, hupendeza kwa hiyo ya 10. Mbili hizo zamtosha anayeanza, na fedha zinazobaki zinunue miguu mitatu imara. Avaaye miwani atafute lenzi inayoruhusu jicho kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo.

Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, lisifutwe kwa shuka.

Kivuli cha kupatwa kwa jua kilipita juu ya Ziwa Turkana Novemba 3, 2013. Kwa shughuli kama hiyo, kichujio hufungwa mbele ya bomba. Kile kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya macho kitupwe: joto huweza kukipasua ghafla, na jicho likapofuka.